Kwa Nini Mtoto Atolewe Damu Mara Mbili? Rekodi za Kompyuta na Vipimo vya Maabara

Leo sizungumzi kuhusu chanjo wala lishe. Nazungumza kuhusu ile foleni ya pili hospitalini, foleni ya maabara, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Akaja mama amembeba binti wa miaka miwili mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Nikauliza kama ameshapimwa malaria. Mama akanijibu, "Alipimwa, sista, wakasema iko. Akameza dawa akamaliza." Lini? "Kitambo kidogo." Karatasi iko wapi? Ililowa mvua, akaitupa. Foleni ilikuwa imefika nje mlangoni, basi sikuuliza zaidi. Nikaagiza kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole. Mistari miwili ikatokea, yaani malaria ipo. Nikampa tena zile dawa za manjano za siku tatu. Kwa wasiwasi wake, mama akapitia maabara ya mtaani akafanyiwa Widal ya homa ya matumbo. Alilipia kwa pesa alizokuwa amewekea mbolea.

Siku nne baadaye alirudi, mtoto amelegea. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu aliketi na yule mama akamuuliza polepole: ilikuwa kabla ya soko au baada ya soko, shule zilikuwa zimefungwa au bado? Ikajulikana kwamba dawa za kwanza za malaria mtoto alizimaliza kama siku kumi na mbili hivi kabla sijamwona. Akaagiza damu itazamwe kwa hadubini. Hakukuwa na kijidudu hata kimoja cha malaria. Akaagiza mkojo. Ulikuwa na usaha. Binti alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na mimi nilikuwa nikitibu malaria iliyokwisha pona.

Hebu nieleze jambo hili, maana linawapata wengi huku kwetu. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni kijidudu chenyewe. Kinatafuta alama, aina ya protini ambayo kijidudu huiacha kwenye damu. Dawa ikishaua vijidudu, alama ile haiondoki siku hiyo hiyo. Inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria juzi juzi akipimwa tena kwa kipimo hicho, anaweza kuonekana anayo hali hana. Mtu kama huyo hutazamwa kwa hadubini. Lakini mhudumu atajuaje kwamba mtoto alitibiwa wiki mbili zilizopita, ikiwa karatasi ilitupwa na mama anasema "kitambo kidogo"?

Na Widal je? Hicho ni kipimo cha tangu mwaka 1896. Kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupigana na vijidudu vya homa ya matumbo. Askari hao hukaa mwilini kwa miezi mingi baada ya mtu kupona, na wakati mwingine hujitokeza kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Widal moja peke yake haithibitishi kwamba una taifodi leo. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu au choo, nacho huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Lakini wangapi wetu hapa Kamukuywa, Kimilili hadi Kiminini, wameambiwa "una taifodi" mara nne kwa mwaka kwa Widal? Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, nikameza dawa, na sijui mpaka leo nilikuwa nikitibu nini.

Katika kisa cha binti yule, basi, vipimo viwili vilifanywa ambavyo havikuwa na faida, na kile kimoja alichokihitaji kikachelewa. Watu wakisikia "kupunguza vipimo" hudhani ni serikali inabana matumizi. Sivyo. Kipimo kisicho na kazi hula pesa, hula muda, na tena huweza kumpotosha daktari akaacha ugonjwa halisi.

Kuna na damu yenyewe. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu kama mililita 240 mwilini mwote, kama kikombe kimoja cha chai. Chupa moja ya maabara huchukua mililita mbili hivi. Chupa moja si neno. Lakini mtoto mchanga aliyelazwa, anayetolewa leo, kesho, keshokutwa, na mara nyingine kwa sababu tu majibu ya jana hayaonekani, anaweza kupungukiwa damu kwa mikono yetu sisi tunaomtibu. Hili huwa tunawafundisha wanafunzi kila mwaka.

Sasa turudi kwenye foleni. Kwa nini vipimo vinarudiwa? Mara nyingi si kwa sababu daktari ni mbaya. Majibu yamepotea. Faili haionekani. Mama alianzia zahanati, akapelekwa Kimilili, akaona foleni ni ndefu akapanda matatu hadi Kitale kwa dada yake. Sisi hapa Kamukuywa tuko njia panda: barabara kuu inatupeleka Webuye upande mmoja na Kitale upande wa pili, na ukivuka kidogo tu umeingia kaunti nyingine. Ugonjwa wa mtoto haujui mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia. Kila unapofika, unaanza moja: jina nani, mtoto ana shida gani, nenda maabara. Na tuseme ukweli, kuna wale wanaopima kwa sababu kipimo kinalipiwa, na kuna sisi wagonjwa tunaosema daktari mzuri ni yule anayepima sana.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Rekodi za matibabu za kompyuta ni kama faili lako, ila badala ya kukaa kwenye rafu na panya, limeandikwa ndani ya mashine. Unapewa nambari. Mhudumu akiibonyeza, anaona ulikuja lini, ulipimwa nini, majibu yalikuwaje, ulipewa dawa gani. Akitaka kuagiza kipimo, anaona kwanza cha mwisho kilifanywa tarehe ngapi. Ningekuwa na hiyo siku ile, ningeliona neno "malaria" na tarehe yake, nikaagiza hadubini na mkojo moja kwa moja.

Hili si jambo jipya sana. Huko Marekani, katika mji wa Indianapolis, walianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 1972. Baadaye walijaribu jambo rahisi: daktari anapoandika kipimo, kompyuta imwonyeshe majibu ya zamani ya kipimo hicho hicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba madaktari walioonyeshwa waliagiza vipimo vichache kuliko wenzao. Mwaka 1990 wakachapisha jaribio jingine: safari hii kompyuta ilionyesha bei. Madaktari walioona bei waliagiza vipimo pungufu kwa asilimia 14. Bei zilipoondolewa kwenye skrini, tofauti ile ikaanza kufifia. Daktari naye ni binadamu, asipoliona jambo hulisahau.

Na watu hao hao wa Indianapolis ndio walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi hapa kwetu. Mwezi Februari 2001 walifunga kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet. Kituo cha mashambani kama chetu, umeme ukienda na kurudi. Baada ya kompyuta kuanza kazi walipima muda kwa saa mkononi, wakaona muda wa mgonjwa kukaa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Kutoka hapo kazi ikahamia kwenye kliniki za virusi vya UKIMWI za AMPATH, zilizo chini ya Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi ya Eldoret, zikiwemo za Webuye na Kitale. Programu iliyokuja kutumika huko, OpenMRS, haiuzwi, na ndiyo mama wa KenyaEMR inayotumika leo katika mamia ya vituo vya serikali. Mama unayehudhuria kliniki hizo, ile kompyuta unayoiona mezani kwa mhudumu si ya mapambo.

Ningetaka usikie pia upande wa pili, ili usiende nyumbani ukisema sista amesema tusipimwe. Rekodi nzuri huongeza vipimo pale vinapohitajika. Kule Eldoret, kwenye kliniki ya watoto wanaoishi na virusi, kompyuta ilifanywa ichapishe karatasi ya ukumbusho na kuiweka kwenye faili: mtoto huyu amechelewa kipimo fulani, mtoto huyu hajapigwa picha ya kifua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba penye ukumbusho, asilimia 68 ya yale yaliyochelewa yalitekelezwa. Pasipo ukumbusho, asilimia 18 tu. Fikiria hiyo tofauti. Hawa ni watoto walioketi mbele ya mhudumu, na mhudumu akasahau, kwa sababu faili lilikuwa nene na watu wanasubiri.

Kuna vipimo ambavyo kwa kawaida vinatosha mara moja. Kundi la damu yako halibadiliki. Ukishapimwa kwenye mimba ya kwanza, likaandikwa vizuri, hakuna haja ya kulitafuta upya kila mimba kwa sababu tu kitabu kimepotea. (Ila ukihitaji kuongezewa damu, maabara lazima ipime tena na kulinganisha na damu ya chupa. Hapo usibishane, ni maisha yako.) Ugonjwa wa selimundu, ambao uko kwetu huku magharibi, ukishathibitishwa kwa kipimo kamili, umethibitishwa. Sioni kwa nini mtoto anayejulikana kuwa nao aanze kupimwa upya kila anapolazwa mahali pageni, ilhali anachohitaji kwa haraka ni maji, dawa ya maumivu na kuangaliwa kiasi cha damu.

Lakini kuna vipimo ambavyo kurudiwa ndiyo kazi yake. Mama mjamzito hupimwa virusi vya UKIMWI zaidi ya mara moja, kwa sababu jibu la mwezi wa tatu halisemi lolote kuhusu mwezi wa nane. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupimwa akiwa na wiki sita, halafu miezi sita, halafu mwaka mmoja, na tena baada ya mwaka na nusu. Usiruke hata kimoja ukisema "si alipimwa akakutwa hana?" Mtu aliyepatikana na virusi mara ya kwanza hupimwa tena kuhakikisha kabla ya kuanza dawa, na hilo ni sawa. Kiasi cha damu cha mtoto aliyeongezewa damu, sukari ya mgonjwa wa kisukari, mkojo wa mama mjamzito mwenye presha, hivi vyote hurudiwa kwa sababu hali hubadilika.

Na mtoto mwenye dalili za hatari, yaani ametetemeka kwa degedege, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, au amelala fofofo haamki, huyo mkimbize. Huko wakimpima yale yale ya jana, waache wapime. Jana haikuwa hivi.

Basi wewe mama ufanye nini, ilhali kompyuta si yako? Kwanza nambari. Ukipewa nambari ya hospitali, iandike mahali pawili: kwenye kijitabu cha mama na mtoto, na kwenye simu. Ukisema "mimi ni mgeni" kwa sababu umesahau nambari, karani atakufungulia rekodi mpya, na sasa mtoto wako ana maisha mawili ndani ya kompyuta, na kila moja ni nusu.

Halafu majina. Hapa ndipo sisi watu wa Bungoma tunaiponza kompyuta. Leo mtoto ni Nafula, mwezi ujao ni Mary kwa sababu amebatizwa, akienda kwa nyanya yake anaandikishwa jina la babu. Tena unajua mwenyewe, mvua ikinyesha mwezi mzima kila mtoto wa kike anayezaliwa ni Nafula na kila wa kiume ni Wafula. Wakati wa mavuno wote ni Wekesa na Nekesa. Karani akiandika "Nafula" peke yake, zinatokea orodha ndefu mpaka anachoka. Chagua majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, uyataje yote kwa mpangilio ule ule kila mahali, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kama cheti bado hujachukua, hiyo ni sababu nyingine ya kumwona chifu.

Usitupe karatasi. Najua nimesema kompyuta, lakini kompyuta ya hospitali moja mara nyingi haizungumzi na ya hospitali nyingine. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kuziunganisha nchi nzima, na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, vituo vingi vimekuwa vikiwekewa mitambo. Kazi hiyo haijafika kila zahanati, na umeme ukipotea hata yule mwenye mtambo anarudi kwenye kalamu. Kwa hiyo majibu ya maabara, hata kipande kidogo, kiweke ndani ya kijitabu, na kijitabu ndani ya karatasi ya nailoni. Ukiwa na simu yenye kamera, kipige picha. Umwombe pia mhudumu aandike tarehe na aina ya kipimo: "malaria, hadubini" ni tofauti na "malaria, kipimo cha haraka", kama ulivyosikia.

Na ukiwa ndani ya chumba cha daktari, sema. Huhitaji kuwa msomi wala mkali. Mwambie hivi: "Daktari, mtoto alipimwa damu Jumanne pale Kimilili, majibu ndiyo haya. Hiki kipya kitatuonyesha nini?" Mhudumu mwema atakueleza kwa sentensi moja. Pengine atasema, "Haya ya Jumanne yanatosha." Pengine atasema, "Nataka kuona kama damu imepungua zaidi." Yote mawili ni majibu mazuri. Kuna wenzangu watakaokasirika, siwezi kukuficha. Hata akikasirika, ameshaitazama ile karatasi.

Kuna jambo moja akina mama huninong'oneza baada ya mkutano, wengine wakishaondoka. "Sista, hiyo kompyuta, jirani yangu anafanya kazi ofisi ya rekodi. Ataona mambo yangu?" Swali hili ni zito na sitaki kulipuuza. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya UKIMWI inakataza kutoa siri ya majibu yako bila idhini yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa za siri kubwa. Mfumo mzuri humpa kila mfanyakazi neno lake la siri na huacha alama ya nani amefungua rekodi ya nani, jambo ambalo faili la karatasi halikuweza kamwe. Lakini sheria haizibi mdomo wa mtu. Ukisikia habari zako zimetoka, una haki ya kulalamika kwa msimamizi wa kituo, na akikupuuza, kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usiache kliniki kwa sababu ya jirani. Na kama unaona bora uhudhurie Webuye au Kitale ambako hujulikani, sema ili upewe barua ya kuhamishwa na rekodi zako zikufuate. Ukihama kimya kimya, utapimwa yote upya na dawa zitakatika katikati.

Yule binti wa mkojo? Alitibiwa akapona. Mama yake alirudi baada ya miezi mingi na mtoto mwingine mgongoni, na kabla sijamsalimu alikuwa ameshatoa kijitabu kwenye mfuko wa sukari na kukiweka mezani kwangu, kimefunguliwa ukurasa wa vipimo. Nilicheka kwa aibu.

Wiki ijayo tutazungumza jinsi ya kuchukua mkojo wa mtoto mdogo bila kuuchafua, maana wengi wameniuliza. Ukiwa na swali, mtume mhamasishaji wa afya ya kijiji chenu aje nalo kituoni. Kwa leo nasema mulembe.